Kilo Thelathini na Moja

Manase wa Kibaigwa amekuja na mzani wake wa ndoano.
Ameutundika kwenye tawi la mkungugu, nyuma ya choo,
na ile pete ya chuma inaning'inia
kama mbuzi aliyekwisha chunwa.
Thelathini na moja, anasema. Kutu nimekusamehe.

Miaka yote ililala mlangoni mwa zizi la ndama.
Kabla ya hapo ilikuwa mnyororo,
na mnyororo ulikuwa wa meli,
na mimi bahari sijaiona. Nimeiona Mtera, mara moja, nikiwa na homa.

Baba, Mbogoni Chidumizi, alikuwa mpaka grisi
kambi ya karanga, Kongwa, mwaka arobaini na nane.
Habari za meli alipewa na fundi Pirisi,
Mzungu mfupi mwenye kovu la moto shingoni,
aliyekula ujana wake tumboni mwa *Ottilia*
akiilisha makaa.
Walikuwa na maneno manne baina yao:
spana, leta, bado, kesho.
Kwa maneno hayo manne, na mikono,
meli nzima ilivuka ikamfikia baba.

Mabomba matatu ya moshi.
Juu vinanda, na samaki kwenye sahani yenye ukingo wa dhahabu.
Chini watu elfu na zaidi, kila mmoja na bulungutu lake,
wanakwenda Amerika kuanza upya,
wanatapikia ndoo moja.
Ikaja vita, ikapakwa rangi ya majivu:
ilipeleka askari, ikarudisha vitanda.
Ikaja amani, ikapakwa nyeupe,
vinanda vikarudi, lakini Amerika ilikuwa imerudishia mlango,
na kule chini mwangwi ukawa mwingi kuliko watu.
Mwishowe ikafungwa gatini, ndege wakaitia chokaa,
wakaja wenye moto wa kukatia, wakaichinja.
Mnyororo peke yake ukabaki ghalani.
Mnene mno, alisema Pirisi. Alionyesha kwa paja lake.

Huo mnyororo haukuwahi kusikia kinanda.
Ulichokijua ni tope la bandari mbili,
huku na huku, miaka thelathini,
na kazi yake ilikuwa moja: kuzuia.

Ukashushwa Msagali kwa treni, ukaletwa kwetu.
Wakaufunga kati ya matingatinga mawili,
wakaambiwa madereva, twende.
Sisi husema meli imeng'oa nanga.
Hapa nanga haipo. Mnyororo ndio uling'oa:
mikambala, vichuguu, mizinga ya Mzee Lechipya
na nyuki wote ndani yake, waliowakimbiza wataalamu
hadi kwenye pipa la maji.
Baba alikimbia nyuma na kopo la grisi.
Alisema ardhi ile iliugugumia mnyororo kama kisu kwenye jiwe la kunolea.

Halafu siku moja ya vumbi, karibu na Hogoro,
kitu kilichoshikilia mji mzima usipeperuke baharini
kilikutana na mzizi wa mkungugu
na pete moja ikafunguka.
Mlio wake, baba hakuweza kuuiga. Alijaribu kila Krismasi.
Matingatinga yakazimwa.
Pirisi akavua kofia, akachuchumaa,
akaishika pete ingali ya moto,
akasema neno lake la tano:
basi.

Mvua haikuja. Karanga, tunajua.
Wageni walifungasha. Pete baba aliiviringisha mwenyewe,
siku tatu, akilala njiani.

Mia saba kwa kilo, anasema Manase.
Nasema mia nane. Anaangalia pale ilipofunguka,
upana wa kidole, ambapo mama alipitisha kamba.
Mia saba na nusu, na simwambii kitu kuhusu *Ottilia*.
Angenipunguzia.

Ameifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira wa baiskeli.
Uzito umeshuka nyuma, gurudumu la mbele likainuka kidogo,
likatua, likainuka,
akaenda hivyo kwenye makorongo hadi lami.

Jioni ndama amefika mlangoni mwa zizi,
akasimama, akainua mguu juu,
akakiruka.